Kabla hujaulizwa "imefikia wapi?": mwongozo kamili wa kujijengea uwajibikaji kazini

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa jedwali la gharama za mradi. Kikao na mteja kilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Jumanne saa nane mchana niligundua kwamba takwimu za stoo, ambazo ndizo uti wa mgongo wa jedwali lenyewe, hazijafika, na mhusika hapokei simu. Nikajiambia, kesho zitakuja. Jumatano nikajiambia, jioni hazikosi. Alhamisi saa tatu na nusu, bosi ameshashika mkoba, nikamwahi mlangoni nikaanza: "Mkuu, kuna changamoto kidogo..."

Hakugomba. Aliniangalia tu, akasema: "Ungeniambia Jumanne ningewapigia stoo mwenyewe. Au ningesogeza kikao. Sasa hivi unataka nifanye nini?"

Swali hilo limenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Takwimu kuchelewa hakukuwa kosa langu. Kosa langu lilikuwa zile saa arobaini na ushei za kukaa kimya, kwa sababu ndani ya saa hizo kila dawa ya tatizo ilikuwa bado ipo, na mimi niliiacha iharibike kabatini.

Tangu hapo nimeamini kwamba uwajibikaji wa wengi wetu hauvunjikii kwenye kufanya kazi. Kazi tunafanya, na wengine tunafanya mpaka usiku. Unavunjikia kwenye kusema. Tunakubali bila kuuliza, tunakwama bila kutoa taarifa, tunakosea bila kukiri. Kwa hiyo hatua nyingi za mwongozo huu zinahusu mdomo na kalamu. Nidhamu ya moyo nawaachia wahubiri.

Neno lenyewe nalo limechakaa. Gazetini, kiongozi "akiwajibika" maana yake amejiuzulu, na mfanyakazi "akiwajibishwa" ujue barua imeshaandikwa. Ndiyo maana mtu akiambiwa "tuwajibike" anaanza kujihami hata kabla hajajua kosa. Hapa nalitumia kwa maana yake ya awali: kuibeba kazi mpaka mwisho wake, na kuhakikisha wanaoitegemea wanajua iko wapi bila kukufukuza.

Hatua ya kwanza: hesabu mara unazoulizwa

Kwa wiki moja usibadili kitu chochote. Chukua karatasi, na kila mtu akikuuliza "ile kazi imefikia wapi?", "vipi ile ripoti?", "bado tu?" au "ulipata ujumbe wangu?", piga kistari. Pembeni andika ni kazi gani na nani kauliza. Usijitetee kwenye karatasi. Hata kama ulikuwa na sababu nzuri, kistari kinapigwa.

Kipimo hiki nakipenda kuliko kuhesabu kazi zilizokamilika, maana kazi hazilingani uzito, na kuchelewa kwingine kuna sababu za haki. Lakini mtu akilazimika kuuliza, maana yake umemwacha gizani. Hilo halina uzito wa kusingizia.

Mwisho wa wiki utaona idadi, na idadi inaweza kukuaibisha kidogo. Chenye faida zaidi ni kuona vistari vimerundikana wapi. Kwangu mimi, karibu vyote vilikuwa kwenye kazi zinazosubiri kitu kutoka kwa mtu mwingine. Zile ninazofanya peke yangu zilikuwa zinakwenda. Rafiki yangu mmoja aligundua kwamba vistari vyake vyote vinatoka kwa mtu mmoja, ambaye ana mazoea ya kutoa maagizo akiwa kwenye korido. Dawa ya mimi na dawa yake hazifanani. Tunza karatasi hiyo, tutairudia.

Hatua ya pili: usiharakishe kusema "sawa"

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito, na sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo ni mazungumzo ya redio kati ya rubani na mwongoza ndege: upande mmoja ulitoa kauli isiyo wazi kwamba unaondoka, upande wa pili ukajibu kwa neno la "sawa", kisha maneno ya kumtaka asubiri yakamezwa na kelele za redio. Baada ya ajali hiyo lugha ya marubani ilikazwa. Leo rubani akipewa kibali harudishi "sawa" tupu, anarudia kibali chenyewe kwa maneno yake yote, ili aliyekitoa asikie kama kimeeleweka.

Ofisini hatuui watu, ila tunaua siku za watu kwa njia hiyo hiyo. Sikiliza:

"Dada, naomba uniandalie ripoti ya mauzo, mapema tafadhali."

"Sawa kaka, haina shida."

Wote wawili wanaondoka wameridhika. Mauzo ya lini? Ripoti ya kurasa ngapi, na anaisoma nani? "Mapema" ni leo jioni au ni kabla ya wiki kwisha? Hakuna anayejua, na kila mmoja ana jibu lake kichwani. Sasa sikiliza namna ya pili:

"Sawa kaka. Ngoja nirudie nione kama nimekuelewa: mauzo ya miezi mitatu iliyopita, ukurasa mmoja, ni ya mkurugenzi, na unaitaka Jumatano kabla ya saa sita. Ndivyo?"

"Hapana, mkurugenzi anaitaka Jumanne. Halafu siyo mauzo yote, ni ya bidhaa mpya tu."

Nusu dakika imeokoa siku mbili. Unapopokea kazi, rudia mambo manne: kitu gani hasa, kiwe kwa kiwango gani, lini (siku na saa), na nani anakisubiri ili afanye nini. Hilo la mwisho watu hulidharau, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Ukijua kwamba mhasibu anasubiri ankara yako ili afunge mahesabu saa kumi, hutamtumia saa kumi kasorobo ukijiona umewahi.

Kama agizo limetolewa kwenye korido au kwa sauti ya simu, andika ujumbe mfupi mara tu baada ya hapo: "Kama tulivyoongea, nitakuletea orodha ya wateja wa mwaka huu kesho saa tano. Kama nimekosea niambie." Rafiki yangu wa vistari vya korido alianza na hili tu, na nusu ya vistari vyake ikafutika.

Hatua hii inahusu pia kukataa. Mtu anayekubali kila kitu hawajibiki, anaahirisha tu siku ya kusema hapana. Ukiona mzigo umezidi, onyesha mzigo wenyewe: "Naweza, ila nina jedwali la bajeti la kesho. Kipi kitangulie?" Hapo umemrudishia mwenye mamlaka uamuzi ulio wake. Na jihadhari na "nitajitahidi". Msikiaji husikia ahadi, msemaji alikusudia mlango wa kutokea.

Hatua ya tatu: daftari moja, kurasa mbili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nazo ni mali, na ukiziweka kichwani zitapotea vile vile. Si lazima liwe daftari la karatasi. Programu ya simu inafaa, jedwali la kompyuta linafaa. Sharti ni moja: liwe mahali pamoja. Ukiwa na nusu kwenye WhatsApp, nusu kwenye baruapepe na nusu kichwani, una nusu tatu na huna hata kitu kimoja kizima.

Ukurasa wa kushoto ni ahadi zako: kwa nani, nini, lini. Kila mstari uanze na kitenzi. Ukiandika "Stoo" leo, Ijumaa utakodoa macho ukijiuliza stoo imefanya nini. Andika "Kupigia stoo kuhusu takwimu za mwezi uliopita."

Ukurasa wa kulia ni ahadi za wengine kwako, na huu ndio ambao ungeniokoa. Watu wengi huandika wanachodaiwa wakasahau wanachodai. Lakini kama kazi yako inasubiri kitu cha mtu, deni lake ni hatari yako. Ukurasa wangu wa Jumanne ile ungekuwa hivi:

Nadaiwa: Kumpa Mkuu jedwali la gharama. Alhamisi saa 3.
Nadai: Takwimu za stoo. Leo saa 8.
Zisipofika: saa 8 na robo napiga simu. Saa 10 bado hazijafika, namwambia Mkuu leo leo.

Mstari wa tatu una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza mipango ya namna hiyo, ya "ikiwa hili litatokea, nitafanya lile". Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1997, yeye na mwenzake Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti ndani ya siku mbili katikati ya sikukuu ya Krismasi. Waliotakiwa kutaja mapema ni saa ngapi na wapi wangeandika, takriban robo tatu yao waliimaliza kwa wakati. Wengine, ni kama theluthi moja tu. Nia wote walikuwa nayo. Tofauti ni kwamba kundi la kwanza lilishaamua, na ukishaamua ukiwa na utulivu hulazimiki kuanza kujadiliana na woga wako saa kumi jioni.

Hatua ya nne: toa tarehe kwa kumbukumbu, siyo kwa matumaini

Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walitabiri siku 34. Walimaliza kwa siku 55 na nusu. La kuchekesha, na la kusikitisha, ni kwamba waliulizwa pia wakadirie ingekuwaje kama kila kitu kingeharibika kadiri inavyowezekana, wakasema kama siku 49. Hata utabiri wao wa mabaya matupu ulikuwa na matumaini.

Sisi sote ni wanafunzi hao. Ukiulizwa "itachukua muda gani?", akili inakuchorea siku isiyo na vikao, umeme haukatiki, na hakuna mtu anayekuja mezani na "samahani, dakika moja tu." Kwa hiyo usiiulize akili. Uliza daftari: kazi kama hii mara ya mwisho ilichukua siku ngapi? Kama ilikula siku tano, sema tano, hata ukihisi kwamba safari hii utaimaliza kwa tatu.

Ukiwa huna kumbukumbu kwa sababu kazi ni mpya kabisa, usitoe tarehe ya kumaliza. Toa tarehe ya kutoa tarehe: "Nipe mpaka kesho saa sita niifungue nione ukubwa wake, ndipo nikuambie." Sijawahi kuona bosi mwenye akili anayelikataa hilo. Wasio na akili wapo, nitawafikia.

Hatua ya tano: habari mbaya itangulie

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo wote.

Tuseme umekubali vizuri, umeandika, umetoa tarehe ya kweli, na bado umekwama. Itatokea. Swali ni lini utasema. Nina kanuni moja niliyojitungia, na haijawahi kunidanganya: ukijikuta unatunga maelezo ya kujitetea kichwani, hiyo ndiyo saa ya kupiga simu. Akili yako imeshajua kwamba utachelewa, ila haijakuambia rasmi. Unaoga asubuhi, unajikuta unapanga maneno: "unajua, stoo nao..." Funga bomba, jikaushe, piga simu.

Mbali na hisia hiyo, weka kituo cha ukaguzi katikati ya muda. Kazi ya siku kumi, siku ya tano simama ujiulize: kwa mwendo huu, nitafika? Kama jibu ni "labda", mhusika anastahili kuijua hiyo "labda". Anaweza kuamua kusubiri, anaweza kukuongezea mtu, anaweza kupunguza kazi. Siku ya tisa hawezi chochote zaidi ya kukasirika.

Namna ya kusema nayo ina ufundi wake. Ujumbe huu hapa umetumwa maelfu ya mara, na hausaidii mtu:

"Habari za asubuhi Mkuu. Samahani kwa usumbufu. Kuhusu lile suala, kuna changamoto zimejitokeza ila tunalifanyia kazi. Tutakujulisha."

Changamoto zipi? Nani analifanyia kazi? Mtamjulisha lini? Mpokeaji ameongezewa wasiwasi bila kupewa taarifa hata moja. Linganisha na huu:

"Mkuu, jedwali la gharama liko hatarini kuchelewa. Takwimu za stoo zilikuwa zije saa nane, hazijaja, na nimempigia mhusika mara tatu. Sehemu nyingine zote ziko tayari. Nikizipata kabla ya kesho saa sita, Alhamisi haiguswi. Naomba unisaidie kuwapigia stoo, au tukubaliane nitumie za mwezi uliopita na kuziwekea alama. Nitakupa hali ilivyo leo saa kumi na moja."

Una vipande vitano: nini kiko hatarini, kwa nini, nimeshafanya nini, naomba uamuzi gani, nitarudi kwako lini. Hicho cha mwisho usikiache kamwe, kisha saa kumi na moja ikifika urudi kweli, hata kama huna jipya. "Bado hazijaja" ni taarifa kamili. Mtu akishajua kwamba utarudi saa uliyosema, anaacha kukuuliza, na vistari vinapungua vyenyewe.

Kitu kimoja ambacho sikukitarajia: ukianza kuleta habari mbaya mapema, mwanzoni unaonekana una matatizo mengi kuliko wenzako. Vumilia. Baada ya miezi michache wakubwa wanaanza kugundua kwamba matatizo yako yanafika yakiwa madogo.

Hatua ya sita: likishaharibika, sema "nime-"

Kiswahili kina mlango mzuri sana wa kukimbilia. Kikombe "kimevunjika". Faili "limepotea". Baruapepe "haikutumwa". Tarehe "imesahaulika". Kile kiambishi cha -ika, ndugu yake -wa, na vitenzi kama kupotea, vinatuwezesha kusimulia maafa mazima bila mtendaji hata mmoja, kana kwamba faili liliamka asubuhi likajiondokea. Nje ya kazi ni adabu ya lugha, haina ubaya. Kazini, kwenye jambo lako mwenyewe, jizoeze kubadilisha: nimelipoteza faili. Sikuituma. Nilisahau tarehe.

Sentensi hizo tatu zinamaliza mjadala wa "nani" ndani ya sekunde mbili, ili muda uliobaki utumike kwenye "sasa tufanyeje". Nimeshaona kikao cha saa nzima kikiteketea kwa sababu watu sita walikuwa wanazunguka neno moja la "nilisahau".

Kukiri kuzuri kuna mpangilio: nilichofanya, kimeleta athari gani, nimekirekebisha vipi au nitakirekebisha lini, na nimebadili kitu gani ili kisijirudie. Kwa mfano: "Nilimtumia mteja bei za zamani. Amezipokea jana jioni, bado hajajibu. Asubuhi hii nimempigia nikamweleza na kumtumia sahihi. Bei za zamani nimezihamisha kwenye folda nyingine ili zisichanganyikane tena." Basi. Usiendelee kuomba radhi mpaka aliyekosewa aanze kukubembeleza wewe. Huko ni kumwongezea kazi. Na usiseme "nitakuwa makini zaidi", kwa sababu umakini haushikiki. Folda iliyohamishwa inashikika.

Woga wa kukiri nauelewa, ila fikiria upande wa pili wake. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipokuwa akichunguza makosa ya dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia wadi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: wadi bora ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu walikuwa huru kusema, wakati kwingine makosa yalikuwepo ila yalifichwa. Sekta ya anga nayo ilijenga njia ya kuuondoa woga huo. Marekani ina mfumo unaoendeshwa na NASA tangu mwaka 1976, ambapo rubani au mwongoza ndege huripoti kosa lake kwa siri, na akiripoti ndani ya siku kumi kosa lisilo la makusudi anaweza kuepushiwa adhabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wao waliamua maradhi yasifichwe.

Kwa hiyo kama wewe ni msimamizi, nusu ya uwajibikaji wa watu wako iko usoni pako, katika sekunde tano za kwanza baada ya mtu kukuletea kosa. Ukifoka, hutaona kosa jingine mpaka limekomaa. Sema kwanza "asante kwa kuniambia", hata kama unaisemea kwenye meno.

Hatua ya saba: kazi ya wengi iwe na jina moja

Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyoitoa akivuta peke yake. Sehemu ya upotevu ni kutovuta kwa pamoja, sehemu nyingine ni ile tunayoijua sote.

Kikao kikiisha na "tutaliangalia", hakuna atakayeliangalia. Uliza kabla watu hawajasimama: "Hili ni la nani, na ni lini?" Kama hakuna anayejitokeza na jambo linakuhusu, jitaje. Wengine wanaweza kusaidia hata kumi, lakini jina la kuulizwa liwe moja.

Hatua ya nane: nusu saa ya Ijumaa

Hatua zote hizo zitakufa ndani ya wiki tatu usipokuwa na siku ya kujikagua. Mimi natumia Ijumaa saa tisa, kabla watu hawajaanza kuaga. Napitia kurasa mbili za daftari mstari kwa mstari. Kilichokamilika nakikata, baada ya kuhakikisha mhusika anajua kimekamilika (kazi iliyomalizwa kimya kimya bado inazalisha "imefikia wapi?"). Kilichopitiliza tarehe namwandikia mwenyewe hapo hapo, na tarehe mpya. Ninachodai nakikumbushia kwa upole. Halafu nahesabu vistari vya wiki, naviweka kando ya vile vya wiki ya kwanza.

Usianze hatua zote kwa mpigo. Rudi kwenye karatasi yako. Vistari vikitoka kwenye maagizo yasiyoeleweka, anza na hatua ya pili. Vikitoka kwenye kusubiri wengine, anza na ukurasa wa kulia wa daftari. Ukiwa bingwa wa tarehe za matumaini, anza na ya nne. Chukua moja, iambatanishe na kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, kama kufungua kompyuta au kutoka kikaoni, na uipe muda. Ule usemi kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 hauna mashiko. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogo ndogo. Kwa mtu wa kati ilichukua siku 66, na makadirio yalitawanyika kati ya siku 18 na 254.

Pale ambapo hatua hizi hazitoshi

Kuna ofisi ambazo mwenye kukiri ndiye hubebeshwa kila kilichowahi kuharibika. Siwezi kukushauri uende pale na kifua wazi. Endelea kurudia maagizo kwa maandishi, endelea kutoa taarifa mapema kwa maandishi, na kiri kilicho chako kwa kipimo chake halisi: "Nilichelewesha jedwali kwa siku moja. Uamuzi wa kupeleka bei bila jedwali haukuwa wangu." Kuwajibika hakumaanishi kujitwisha mizigo ya watu. Anayekubali makosa yasiyo yake kila siku anawafichia wenye makosa, na kasoro halisi inabaki pale pale ikisubiri mwingine.

Na kuna bosi anayetaka tarehe papo hapo, ya kumfurahisha, bila kujali ukweli. Mpe tarehe mbili: "Kazi nzima ni Ijumaa. Ukiitaka Jumatano, utapata sehemu ya kwanza tu." Akichagua Jumatano, andika kwamba amechagua.

Utakuja pia kuteleza mwenyewe. Utaumwa, au utazidiwa, daftari litakaa wiki mbili halijafunguliwa na vistari vitarudi kama zamani. Katika utafiti ule wa London, kuruka siku moja hakukuharibu tabia iliyokuwa inajengeka. Wiki mbili ni habari nyingine, lakini nazo zinatibika. Usijaribu kulipa yote kwa usiku mmoja. Fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo, hamisha ahadi ambazo bado kuna mtu anazisubiri na zilizokufa ziache huko nyuma. Halafu tafuta yule ambaye ahadi yake imepitiliza kuliko zote, yule ambaye jina lake likitokea kwenye simu unaigeuza kifudifudi, umpigie yeye kwanza.